Maneno ya Kupinga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanajirudia kwa watu wanaoleta barua, mihtasari na hotuba zao zikaguliwe hapa Ngamiani, Tanga: makarani wa mitaa, viongozi wa vikundi vya wavuvi, wanafunzi wa kidato cha nne, wafanyabiashara wa sokoni, na mara mojamoja bwana harusi mtarajiwa aliyewekewa pingamizi. Anza na swali lolote. Pale jibu moja linapogusana na jingine, tumeelekeza.

## Ya kuanzia

Kukataa na kupinga si kitu kimoja?

Hapana. Unakataa kitu ulichopewa, ulichoombwa au ulichoamriwa wewe mwenyewe. Unapinga jambo hata kama hukuletewa wewe. Baba akiletewa posa ya binti yake akasema haiwezekani, amekataa. Shangazi aliyesikia habari hizo akiwa Muheza, akapiga simu kusema kijana yule hafai, anapinga.

Kwa sababu hiyo kukataa hakulazimishi maelezo. "Sitaki" inatosha, hata kama itawaudhi watu. Kupinga bila sababu hakuna uzito. Ukisimama kikaoni ukasema "napinga" kisha ukaketi, utaulizwa kwa nini kabla kiti hakijapoa. Maana ya zamani ya kupinga ni kulaza kitu mbele ya njia, kama gogo au pingo la mlango. Anayepinga yuko njiani bado, ila amekaa kwa ubavu. Anayekataa ameshaondoka.

Ushauri tunaompa kila mtu ni huu, na majibu mengi hapa chini yanaurudia kwa namna yake: usichague neno kwa kupima ukali wa hasira yako. Angalia unataka nini kitokee baada ya kulisema. Ukitaka mazungumzo yaishe, kataa. Ukitaka yaendelee nawe ukiwemo, pinga.

Na kubisha?

Kubisha ni kupinga neno la mtu papo hapo, ana kwa ana. Hakuna anayebisha kwa barua. Mtu anasema Coastal Union watashinda, mwenzake anambishia, na baraza zima la kahawa linapata kazi ya jioni. Ubishi hauhitaji uamuzi mwishoni. Watu wanabishana saa mbili, wanaagana kwa salama, na kesho wanaendelea walipoishia.

Mabaharia wa majahazi wana maana nyingine ya neno hili, na wanafunzi wengi wa mjini hawaijui. Upepo ukitoka mbele huitwa wa mbisho, na chombo hakiwezi kuufuata moja kwa moja. Nahodha hukibisha: anakwenda mshazari upande huu, anageuza tanga, anakwenda mshazari upande wa pili, mpaka anafika alikokusudia. Mzee wa Sahare akikuambia "tumekuja kwa kubisha tangu Pemba", usidhani waligombana njiani.

Lini nitumie "kukana" na lini "kukanusha"?

Unakana kinachokuhusu mwenyewe: kosa, deni, undugu, imani. Mshitakiwa hukana shitaka. Petro alimkana Yesu mara tatu. Baba anaweza kumkana mtoto, na hapo neno linauma kuliko tusi.

Unakanusha habari. Msemaji wa taasisi hukanusha taarifa zinazosambaa mitandaoni; hakani taarifa. Anayekanusha amejifunga kusema ukweli ni upi, kwa hiyo barua ya kukanusha isiyo na maelezo sahihi ni nusu barua. Mtu akiandika "nakanusha vikali" halafu asitoe tarehe, kiasi wala jina la kikao, msomaji anabaki na ule ukali tu.

Kugoma, kususia, kususa, kuzira: ni ngazi za kitu kimoja?

Si ngazi. Tofauti iko kwenye kile unachokizuia.

Anayegoma anazuia kazi yake au utii wake, na huwa ana dai. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939. Mzigo ulikuwa mikononi mwao na kutoubeba ndiyo ilikuwa nguvu yao. Siku hizi mgomo wa wafanyakazi una utaratibu wa kisheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi, kisha mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Kwa hiyo katibu wa chama cha wafanyakazi anayeandika "tutagoma" ametoa taarifa yenye matokeo, na haifai aitumie kama kitisho cha kuchangamsha kikao.

Anayesusia anaondoa uwepo wake au fedha yake: kususia uchaguzi, kususia mkutano, kususia duka. Hana kazi anayoizuia.

Kususa ni jambo la moyo. Mtoto aliyepewa kipande kidogo cha samaki anasukuma sahani na kugeukia ukutani; anataka abembelezwe. Mtu mzima naye hususa, ila yeye huita "nimeamua kukaa kimya". Wa mjini wana jibu lao: ukisusa, wenzio twala. Kuzira ni karibu na hilohilo, na wa bara wanalitumia zaidi kuliko sisi.

Kosa linalorudi kwenye mihtasari ni kuandika "wajumbe walisusa kikao" wakati walisusia. Kukosekana kwa herufi moja kunawatoa kwenye msimamo na kuwaweka kwenye kununa.

Mkaidi na mbishi ni mtu mmoja?

Mbishi anapambana na maneno, mkaidi anapambana na amri. Mbishi unamsikia kabla hujamwona. Mkaidi anaweza kuitikia "ndiyo bwana", kisha asifanye.

Ukaidi wa pamoja una historia yake mkoani kwetu. Huko milima ya Usambara, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi udongo kuanzia Mlalo na kuwataka watu walime kwa matuta. Kazi ilikuwa ngumu, faida hawakuiona, na Wasambaa wengi hawakulima hivyo. Mpango ukafa katika miaka ya 1950. Kwenye macho ya bwana shamba wa Kizungu huo ulikuwa ukaidi. Kwa mwenye jembe ulikuwa upinzani. Suala hili la nani anaita nini tunalirudia kwenye swali la Abushiri.

## Viunganishi vinavyochanganya

Lakini, bali, ila: naweza kubadilishana?

Mawili yanaweza kukaribiana, moja haliwezi.

"Bali" linataka kanusho kabla yake, na kazi yake ni kusahihisha: "Hakuja kuomba kazi, bali kudai mshahara." Ukiandika "Nilikuja mapema bali sikukuta mtu", umekosea, hapo ni "lakini".

"Ila" kwa asili ni la kutoa kimoja katika vingi: "Wote wamelipa mchango ila nyumba ya pembeni." Katika mazungumzo ya kila siku limechukua kazi ya "lakini", na hatuoni sababu ya kumsumbua mtu kwa hilo. Kwenye barua rasmi liache lifanye kazi yake ya kwanza, kwa sababu mkataba unaosema "malipo yote ila usafiri" lazima usomeke kwa njia moja tu.

"Lakini" ni la wote. Ndugu yake "walakini" ameshahama kundi na kuwa nomino: pana walakini katika hesabu hizi, yaani pana dosari ambayo hatujaitaja kwa jina.

"Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Mwalimu ameweka alama nyekundu. Kwa nini?

Kwa sababu "ingawa" limeshafanya kazi yote. Andika "Ingawa mvua ilinyesha, tulikwenda", au "Mvua ilinyesha, lakini tulikwenda". Kusema ukweli, watu wanaozungumza Kiswahili kizuri kabisa huyaweka yote mawili midomoni na hakuna anayeshtuka. Mtihani si mdomo, futa moja.

"Licha ya" maana yake ni ipi hasa?

Ina mbili, na ndiyo maana inaleta matatizo. Ya kwanza ni ya kushindana: "Licha ya kuumwa, alikuja kazini." Ya pili ni ya kuongeza: "Licha ya kumtukana, alimpiga." Hapo hakuna ushindani, kupigwa kumejazia kutukanwa. Msomaji hutambua maana kwa mantiki, na mantiki ikiwa legelege atakwama. Sentensi kama "Licha ya kuwa mwenyekiti, ni mfanyabiashara" inaweza kuwa sifa au lawama. Ukitaka kuongeza, tumia "mbali na". Ukitaka kushindanisha, "ingawa" halina utata.

"Dhidi ya" imetapakaa kila mahali. Ni sawa?

Ni sawa kwenye kesi, chanjo, mapambano na mechi: African Sports dhidi ya Coastal Union. Haifai pale ambapo kitenzi cha kupinga kimeshatajwa. "Kupinga dhidi ya uamuzi" ni kupinga mara mbili. Pinga uamuzi, basi.

Na "ilhali"?

Lina lawama ndani yake. "Amekopa tena ilhali hajalipa" linasema alijua na bado akafanya. Kama huna lawama, tumia "wakati" au "huku".

## Barua, vikao na mahakama

Nimepewa notisi nihame kizimba changu sokoni. Barua yangu ianze na "Napinga", "Nakataa" au "Nalalamika"?

Hili huulizwa sana na wafanyabiashara wa Mgandini na masoko mengine. Rudi kwenye swali la kwanza: unataka nini kitokee?

"Nakataa kuhama" inafunga mlango, na upande wa pili wataanza kufikiria namna ya kukuondoa badala ya kusoma hoja zako. "Nalalamika" inaeleza maumivu yako, na jibu la malalamiko mara nyingi ni pole. "Napinga" inawalazimisha kujibu sababu.

Rasimu moja iliyokuja mezani ilisomeka hivi: "Mimi nakataa kata kata notisi hiyo ya uonevu na sitatoka hata iweje." Ilitoka hivi: "Napinga notisi ya kunitaka nihame kizimba kwa sababu ushuru umelipwa hadi mwezi huu, stakabadhi zimeambatishwa, na notisi haikutaja kosa lolote. Naomba notisi isitishwe na niitwe nisikilizwe." Mwenye barua alilalamika kwamba ya pili ni baridi. Ni kweli. Lakini ya pili inaomba vitu viwili ambavyo ofisa anaweza kuvifanya siku hiyohiyo, na ya kwanza haimpi kitu cha kufanya.

Neno "uonevu" tulilitoa kwa makusudi. Kama stakabadhi zipo na kosa halikutajwa, msomaji atalitamka mwenyewe.

Katika muhtasari, niandike "alipinga" kwa kila mtu aliyesema neno tofauti?

Hapana, na ugomvi mwingi wa vikao huanzia hapa. Aliyeuliza tu, "alihoji". Aliyetaka aelezwe zaidi, "aliomba ufafanuzi". Aliyekubali huku akionya, "alitoa angalizo". Aliyesema hakubaliani na kutoa sababu, "alipinga". Aliyesema hivyo hadi mwisho na kutaka iandikwe, "aliomba msimamo wake uingizwe kwenye kumbukumbu".

Ukimwandika mjumbe kuwa alipinga mradi wa maji wakati alihoji bei ya bomba, kikao kijacho kitaanza kwa yeye kubisha muhtasari wako, na atakuwa na haki.

Pingamizi, rufaa na malalamiko vinatofautianaje?

Pingamizi huja kabla jambo halijapita au likiwa njiani: pingamizi dhidi ya mgombea, pingamizi kwa shahidi, pingamizi la awali ambalo wakili hulitoa kwa hoja ya kisheria kabla kesi haijasikilizwa. Rufaa huja baada ya uamuzi, na hupelekwa ngazi ya juu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Malalamiko yanaweza kuja wakati wowote, na hayasimamishi kitu.

Angalia vitenzi vinavyoambatana nayo: pingamizi huwekwa, rufaa hukatwa, malalamiko hupelekwa. "Kukata pingamizi" haipo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo haya si mapambo tena.

Naweza kuweka pingamizi kwenye ndoa ya mtu?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na ndani ya muda huo mtu mwenye sababu ya kisheria anaweza kuweka pingamizi: mmoja wao ana ndoa inayozuia hiyo mpya, au hawaruhusiwi kuoana kwa undugu. "Simpendi mkwe" si pingamizi. Hilo ni la kubisha barazani.

## Kupinga kwa adabu

Nampingaje mzee mbele ya watu bila kuonekana nimekosa adabu?

Usitumie neno "napinga" kabisa. Huku kwetu kijana humpinga mzee kwa kuomba. "Mzee wangu, kwa ruhusa yako, nina dukuduku." "Hilo umelisema vizuri, ila mimi kuna mahali sijaelewa." Kutokuelewa hapo si ujinga, na mzee anajua vizuri kwamba si ujinga. Anapewa nafasi ya kujirekebisha mwenyewe, akipenda.

"Umekosea" usimwambie mzee. Hata "si kweli" ni nzito. Sema "nilivyosikia mimi ni tofauti kidogo". Na kama jambo ni kubwa, usilibishe kikaoni. Mfuate baada ya sala ya alasiri, kaeni wawili.

Nikikaribishwa chakula na sitaki, nisemeje?

"Starehe." Neno moja tu, na wenyewe wanaendelea kula. Anayejibu "sitaki" ameikataa nyumba. "Nimeshiba" ni salama, ila jiandae kuambiwa "onja tu".

"Inshallah" ni ndiyo au hapana?

Inategemea kinachofuata. "Inshallah, saa nne niko hapo" ni ahadi ya mtu anayejua kwamba kesho si yake. "Inshallah" peke yake, ikivutwa mwishoni na macho yakiwa pembeni, ni kukataa bila kukuvunja moyo. Wageni kutoka bara hulalamika kwamba hawatuelewi. Wasikilize kama kuna saa iliyotajwa.

Muuzaji anakataaje bei bila kumfukuza mteja?

Hasemi hapana. Pale Deep Sea asubuhi, dalali wa samaki husema "bado hujafika", "ongeza neno", "sogea kidogo". Yote ni kukataa, na yote yanamwacha mteja amesimama. "Haipungui" ndilo linalomwondoa, na muuzaji mzoefu halitoi mpaka awe tayari mteja aende.

## Maswali magumu

Vita vya Abushiri tuviite uasi au upinzani?

Wanafunzi huuliza hili wakiwa na hofu ya mtihani, lakini ni swali la lugha kama lilivyo la historia.

Kuasi ni kuvunja utii uliokuwepo. Hakuna muasi bila mtawala anayemtambua. Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia saini mkataba ulioipa kampuni ya Wajerumani usimamizi wa pwani kwa jina lake. Agosti watu wa kampuni walipokuja kushika miji na kupandisha bendera yao, Pangani ililipuka. Bushiri bin Salim, tunayemwita Abushiri, akaongoza mapambano. Kule Saadani alikuwapo Bwana Heri, ambaye hakuwa na desturi ya kumtii hata Sultani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alipatana na Wajerumani mwaka 1890.

Wajerumani waliuita uasi wa Waarabu. Neno hilo liliwafaa mara mbili: lilisema walikuwa na haki ya kutiiwa, na likaficha kwamba waliopigana walikuwa watu wa kila namna wa pwani. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa Tanga aliyeishi zama hizo, utenzi wake unaitwa wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Kwake ni vita, na aliyetenda ni Mdachi, yaani Mjerumani, aliyekuja kutamalaki. Mwenyeji hakuasi mtu.

Andika "upinzani" au "vita". "Uasi" liandike ukiwa unanukuu waliolitumia, na useme ni nani.

Mpinzani, mshindani, hasimu, adui: wapi mpaka?

Mshindani anataka unachokitaka. Mpinzani hakubaliani na unachofanya. Hasimu ana kinyongo nawe cha siku nyingi. Adui anataka uumie. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, "mpinzani" limepata pia maana ya mwanachama wa chama kisichotawala, na baadhi ya watu vijijini bado hulisikia kama "adui". Mgombea mwenye busara huanza hotuba yake kwa kulitenganisha.

Kunyamaza ni kukubali?

Katika ndoa ya Kiislamu, ukimya wa bikira anapoulizwa umechukuliwa tangu zamani kuwa ni ridhaa. Usilihamishe hilo kwenye kikao cha mtaa. Huko aliyenyamaza hajakubali wala hajapinga, na karani asimhesabu upande wowote. Bungeni wenyewe huulizwa pande zote mbili, wanaosema ndiyo na wanaosema siyo, kabla uamuzi haujatangazwa.

"Kuteta" ni kupinga?

Kwa wazee wa pwani ni kugombana kwa maneno. Kwenye vichwa vya habari, kiongozi "akiteta" na mgeni wamezungumza faragha. Kwa wengine ni kusengenya. Kwenye barua rasmi liepuke. "Kutetea" halina shida hiyo.

Yale ya mkato, ng'o, thubutu, katu, abadani, la hasha, yanaandikwa popote?

"La hasha" na "katu" yanaingia kwenye hotuba na insha. "Abadani" ni la mazungumzo ya pwani na lina uzito wa kiapo. "Thubutu!" humwambia mtu kwamba hana ubavu wa kufanya anachosema, kwa hiyo ni kukataa kwenye kejeli. "Ng'o" ni mlango uliopigwa komeo; liandike kwenye hadithi, kinywani mwa mhusika.

Na hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia kwenye barua ya kizimba.